Damu Ipo, na Akiba?

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba niwatoe kidogo katika mijadala yetu ya vina na mizani, ingawa nawaahidi kwamba tutarudi humohumo kabla sijaweka kalamu chini. Nataka kuzungumzia neno moja ambalo Kiswahili kinalo tangu kale, nasi twalitumia kila siku, lakini hatujalituma mahali linapohitajika. Neno lenyewe ni akiba. Mahali penyewe ni kliniki ya wajawazito.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Musoma, si mbali na mwalo wa Mwigobero, na mwanangu ameoa na kuweka makazi Bunda. Mkewe alipopata mimba ya pili alikwenda kupimwa katika kituo kimoja cha afya, akaambiwa kwamba wingi wa damu yake ni tisa. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza kwa utiifu. Majuma kadhaa baadaye akapimwa tena, damu ikawa imefika kumi na moja na nukta kidogo. Alifurahi, akavifunga vidonge vilivyosalia katika kitambaa na kuviweka juu ya kabati. Nilipowatembelea aliniambia kwa adabu yake ya siku zote, “Baba, vidonge nimeviacha. Damu imeshatosha.” Nami nikamwitikia, “Vema, mwanangu.” Sikuona kosa katika sentensi ile. Ilikuwa sentensi sahihi ya Kiswahili.

Akajifungua salama. Damu iliyomtoka haikuwa ya kuwatisha wakunga. Lakini mwezi wa nne tangu ajifungue nilifika kwake nikakuta ndoo tupu mlangoni, jiko limezimika, na yeye ameketi ukutani huku mtoto akimlilia mapajani. Nilisema moyoni kwamba binti huyu ameingiwa na uvivu. Kinywa changu hakikulitamka neno hilo, lakini uso wangu ulilitamka, naye aliusoma uso wangu. Alijaribu kusimama ili anipokee mzigo, akashika ukuta.

Tukarudi kupima. Damu ilikuwa imeshuka tena. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akatazama kadi, akauliza habari za vidonge, akaambiwa vililala juu ya kabati. Ndipo alipotugeukia mimi na mwanangu akasema, “Mzee, damu yake ilikuwa imepanda, lakini akiba ilikuwa bado haijajaa. Alipojifungua akatumia kila kilichokuwepo. Sasa mwili unataka kutengeneza damu nyingine, na ghala halina kitu.”

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nimetunga mashairi na kuyahakiki ya wenzangu, lakini siku ile neno nililolihitaji nilipewa na muuguzi aliyekuwa amechoka kwa kazi ya tangu alfajiri. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na haya ndiyo niliyoyaona.

Tuanze na lugha. Ugonjwa huu twauita upungufu wa damu. Kipimo chake twakiita wingi wa damu. Dawa yake twaiita dawa ya kuongeza damu. Majina yote matatu yamesimama juu ya picha moja: mtungi wenye kinywaji chekundu, ambao ama umejaa ama umepungua. Picha hiyo si mbaya, ila haijakamilika. Kinachopimwa si wingi wa damu kama mtu apimavyo maji kwa kibaba. Hupimwa hemoglobini, ile protini ya ndani ya chembe nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni, na hemoglobini haiwezi kuumbwa bila chuma. Chuma hicho hakikai katika damu peke yake. Mtu mzima ana takribani gramu tatu hadi nne za chuma mwilini mwake, uzito wa msumari mdogo, na sehemu ya chuma hicho huwekwa kando, hasa katika ini, katika bandama na katika uboho wa mifupa, ingojee siku ya haja.

Mwili unapokosa chuma, kinachoanza kupungua ni kile kilichowekwa kando. Damu hubaki vilevile kwa muda, kama nyumba ambayo wageni hawajui kwamba unga umekwisha, maana mezani bado kuna ugali. Ghala likishakauka, ndipo damu nayo inapoanza kushuka. Na wakati wa kupona mambo huenda kinyume: damu hupanda kwanza, ghala hujaa baadaye. Ndiyo maana waganga hutaka mgonjwa aendelee na vidonge kwa miezi kama mitatu hata baada ya kipimo cha damu kuwa kizuri. Mkaza mwanangu aliacha pale ambapo lugha yake ilimwambia aache. Lugha haikuwa na jina la kile kilichobaki.

Hicho kinachohifadhi chuma mwilini kina jina katika lugha za sayansi. Twaweza kukiita feritini. Kilitambulishwa mwaka 1937 na Vilém Laufberger, mwanasayansi wa Prague, aliyekitoa katika bandama ya farasi. Ni protini, na umbo lake, wapenzi wa ushairi, linastahili kutazamwa na watu waliozoea kuhesabu mizani.

Feritini ni tufe lenye uwazi ndani, mfano wa kibuyu kisicho na shingo. Upana wake ni nanomita 12, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukizipanga feritini zaidi ya mia tano kwa mstari ndipo utavuka chembe moja nyekundu ya damu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukuta wa tufe hilo umejengwa kwa vipande 24 vinavyoshikamana. Kila kipande kina nyuzi nne ndefu zilizojisokota na kulala ubavu kwa ubavu, na uzi wa tano ulio mfupi. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwa kuwa huo ni ubeti wa takhmisa uliotungwa kwa msuko: mishororo mitano, wa mwisho ukiwa mfupi kuliko wenzake. Na utungo mzima una beti 24, zikiwa zimeelekezana kwa ulinganifu usiokosea hata mara moja. Kati ya beti hizo kuna vijitundu, vinane vikiwa ni mahali pakutanapo vipande vitatu vitatu, na humo ndimo chuma kinamopita kuingia. Kikishaingia hugeuzwa hali, huwa kama kutu iliyotulia, na tufe moja laweza kubeba atomu za chuma zipatazo 4,500.

Vipande hivyo ni vya namna mbili. Kimoja wataalamu wamekipa herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzito, au la moyo. Kingine herufi ya wepesi, au ya ini. Cha moyo ni hodari wa kukigeuza chuma upesi. Cha ini husaidia kukiweka kwa muda mrefu. Sisi ambao lugha yetu husema maneno makali hukata maini, na ambao twamwita mpenzi moyo na ini kwa pumzi moja, hatuna sababu ya kuuona ujuzi huu kuwa wa kigeni.

Mtu atauliza: kitu kidogo namna hiyo kimeonekanaje? Hadubini ya kawaida, ile tuliyotazamia maji ya bwawa shuleni, hutumia mwanga, na mawimbi ya mwanga ni makubwa mno kwa kazi hii. Ni kama kutaka kupapasa herufi za sarafu ukiwa umevaa glavu za ngozi. Mwaka 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini iliyotumia elektroni badala ya mwanga, na mwaka 1986 Ruska akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Feritini ilikuwa miongoni mwa protini zilizoonekana mapema kwa chombo hicho, tangu miaka ya 1950, kwa sababu chuma kilichomo ndani yake huzuia elektroni na kujionyesha kama nukta nyeusi.

Lakini nukta nyeusi huonyesha shehena, haionyeshi ukuta wa chombo. Protini yenyewe ni laini, na elektroni huiunguza. Jibu lililopatikana baadaye ni kuigandisha. Tone la maji lenye feritini hutandazwa likawa utando mwembamba, kisha likatumbukizwa kwa ghafla katika kimiminika cha ethani chenye baridi kali mno, hata maji yakaganda kabla hayajapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele za barafu. Hugeuka kama kioo, na protini hubaki humo kama mdudu ndani ya kaharabu. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kuiendeleza mbinu hiyo.

Hata hivyo picha moja haitoshi. Ili isiunguze, elektroni hupelekwa chache, na kila picha hutoka na ukungu. Kwa hiyo hupigwa picha za tufe maelfu kwa maelfu, kila moja likiwa limelala kwa upande wake, kisha kompyuta huzilinganisha na kuzijumlisha mpaka umbo la kweli lijitokeze. Wale miongoni mwetu waliowahi kuhariri utenzi wa zamani kutoka katika miswada ya hati za Kiarabu wanaijua kazi hii. Mswada mmoja umeliwa na mchwa, wa pili umelowa, wa tatu mnakili alisinzia. Hakuna hata mmoja ulio kamili, lakini ukiisoma yote kwa pamoja na kuipima, sauti ya mtunzi husikika. Ndivyo feritini ilivyosomwa. Mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti, moja la Cambridge na jingine la Göttingen, yalitangaza picha zenye uketo wa takribani nanomita 0.12, kiasi cha kuzitofautisha atomu mojamoja. Na protini waliyoitumia kupimia uwezo wa hadubini zao ilikuwa feritini, kwa kuwa ni imara na ina ulinganifu mkubwa.

Kuna jambo moja hapa ambalo limenikaa rohoni. Feritini iliyotumika katika picha hizo ilikuwa ile isiyo na chuma ndani. Ghala lililoonekana vizuri kuliko maghala yote ya viumbe hai lilikuwa ghala tupu, na dunia ililitazama kwa mshangao, atomu kwa atomu. Wakati huohuo maghala matupu ya wanawake wetu yanatembea barabarani, yakibeba ndoo na watoto, wala hatuyaoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto walio chini ya miaka mitano, walikuwa na upungufu wa damu. Si upungufu wote unaotokana na uhaba wa chuma; malaria, minyoo na magonjwa ya kurithi yana fungu lake. Lakini hesabu hiyo ni ya wale ambao damu yao imekwisha kushuka. Wale ambao damu ipo na akiba haipo hawamo.

Ndipo nafika kwenye hoja yangu. Wapo wenzetu wanaotaka kila neno la sayansi litafutiwe mzizi wa Kibantu, hata kama litatoka refu kama msafara wa siafu. Wapo wengine wanaosema mambo haya tuyaachie Kiingereza, sisi tubaki na mapenzi na mafumbo. Sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Nilijaribu mwenyewe kulibatiza jambo hili, nami nitawasimulia nilivyoshindwa, maana kushindwa kwangu kulinifundisha.

Kwanza nilipenda kihenge. Kihenge ni ghala la nafaka, la mviringo, limesukwa, lina uwazi ndani na mdomo mdogo. Feritini ni kihenge kwa umbo lake lote. Lakini nilipomwambia jirani yangu kwamba kila mtu ana kihenge cha chuma mwilini, alifikiri nasema habari za yale mapipa ya bati ya kuhifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi, na jina hilo kweli ni lake. Kihenge kikabaki kuwa mfano mzuri na istilahi mbaya.

Kisha nikapenda amana. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze na kukirudisha kitakapotakiwa, na hilo ni jambo ambalo feritini hulifanya kwa uaminifu. Kwa mshairi, neno hilo lina uzito na usafi. Lakini nilipolitumia mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri zamu kliniki, Bunda, mmoja aliniuliza kwa upole kama nazungumzia benki. Niliposema akiba, hakuna aliyeuliza. Mama mmoja muuza dagaa akamalizia mwenyewe: “Ni kama kikundi chetu. Fedha ya mkononi ipo, lakini sanduku likiwa tupu, siku ya msiba umeumbuka.” Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Jina la protini libaki feritini, kama tulivyozipokea protini na oksijeni; hakuna aibu katika kupokea, na darubini yenyewe tuliipokea kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni kionambali. Umbo lake tulieleze kwa kihenge. Na kile kipimo chake, ambacho mgonjwa anapaswa kukijua, kiitwe akiba ya chuma, na kisemwe pamoja na wingi wa damu kila mara: damu yako ni kiasi fulani, akiba yako bado haijajaa. Katika zahanati nyingi kipimo cha feritini hakipo, lakini neno halihitaji mashine. Muuguzi akiwa na neno hilo, ataweza kumwambia mama kwa nini asiache vidonge siku damu inapopanda. Mama akiwa nalo, ataweza kuuliza.

Na Kiswahili kimetutunzia zawadi nyingine. Chuma, jina, ni madini. Chuma, kitenzi, ni kutwaa mboga shinani na tunda mtini. Ni kupata mali kwa jasho, na ndimo ulimotoka uchumi. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Nasema tu kwamba yamekutana mdomoni mwetu, na mshairi asiyeona faida katika kukutana huko hajaamka. Mwili huchuma chuma, huweka akiba, hutumia. Sentensi hiyo fupi ina elimu ya kutosha kufundishia darasa zima, na kila mwanafunzi wa Musoma ataielewa kabla hajafika kidato cha kwanza na kuambiwa aanze upya kwa Kiingereza.

Lazima niseme pia upande wa pili, kwa maana mtu asije akachukua neno hili akalifanya wito wa kumeza vidonge ovyo. Akiba katika fedha, kadiri inavyozidi ndivyo inavyopendeza. Akiba ya chuma sivyo. Chuma kilicho huru mwilini huunguza seli kama cheche, na vijidudu vingi vya maradhi hukihitaji ili vizaane. Kwa hiyo feritini ni ghala na ni gereza pia: huhifadhi chuma na humzuilia adui. Mwili ukipatwa na maambukizi, feritini katika damu hupanda, si kwa sababu chuma kimeongezeka, bali ni sehemu ya mwili kujihami, na chuma hufungiwa ndani. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima mwenye afya ana uhaba wa chuma ikiwa feritini yake iko chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Lakini akiwa na maambukizi, mpaka huo husogezwa hadi 70. Namba ni ileile ya kipimo, ila maana yake hubadilika kwa muktadha. Sisi tunaosoma mafumbo hatupaswi kulishangaa hilo.

Pemba ilitoa somo zito zaidi. Kisiwani humo, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi 35, na uliochapishwa mwaka 2006, wale waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wale ambao hawakupewa. Malaria ilikuwa nyingi, na ilibidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe mwaka 2003. Lakini katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi, watoto waliokuwa kweli na uhaba wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Yaani aliyekuwa na ghala tupu alisaidiwa. Hatari iliwakalia wale waliokuwa nacho cha kutosha. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo ya kutaka tujifunze kuuliza habari za akiba kabla ya kusema habari za kuongeza.

Baada ya haya yote nilifunga safari ya Butiama. Nilitaka kukaa kidogo mahali alipozaliwa Mwalimu Nyerere, aliyezikwa hapohapo. Watu wa jamii yetu ya ushairi humkumbuka kwa tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Twasahau kwamba alipokuwa kijana alifundisha shule Tabora, na mojawapo ya masomo aliyofundisha lilikuwa biolojia. Mtu mmoja aliweza kubeba vyote viwili. Alipomtafsiri Shakespeare hakuwa akimheshimu Shakespeare tu. Alikuwa akikipima Kiswahili kwa kukibebesha mzigo, kama apimwavyo punda kwa safari, wala si kwa kusifiwa zizini. Leo Butiama pana chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Natamani siku ambayo mwanafunzi wa hapo, akichunguza feritini iliyomo ndani ya maharage, maana mimea nayo ina maghala yake, ataweza kurudi nyumbani jioni akamweleza bibi yake alichokiona, na bibi akamuuliza swali la pili.

Najua nitaambiwa kwamba hii si kazi ya washairi. Nakumbusha tu kwamba utenzi wa Mwana Kupona, tunaouenzi kuliko tungo nyingi, ulitungwa na mama mgonjwa aliyetaka bintiye abaki na ujuzi wa kumfaa maishani. Utenzi ulikuwa chombo cha kuwekea yale ambayo hayapaswi kupotea. Ulikuwa akiba. BAKITA ina wajibu wa kusanifu istilahi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Lakini neno likikaa kamusini ni kama dagaa waliosahauliwa stoo. Kulitia neno mdomoni mwa watu, likaimbwa, likajibizwa, hiyo ni kazi yetu.

Mkaza mwanangu sasa ni mzima. Alimaliza vidonge vyake vyote safari ile, na chai aliacha kuinywa pamoja na mlo, kwa kuwa muuguzi alimweleza kwamba chai huzuia chuma kisichukuliwe vizuri na mwili. Nilimwomba radhi kwa ule uso wangu wa siku ile. Alicheka, akasema, “Baba, hata mimi nilijiita mvivu.” Jibu hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu. Neno lililokosekana halikuninyima mimi tu haki ya kumwelewa. Lilimnyima yeye haki ya kujielewa.

Niliahidi kurudi kwenye vina. Huu ni ubeti wangu mmoja. Nawaachia muuendeleze, muukosoe, muujibu:

Chuma kimo maungoni, si cha shoka wala mwiba,
Kimefichwa kihengeni, ndani yake kimeshiba,
Damu ikishuka chini, hutolewa kwa kibaba,
Ulizeni, ulizeni: damu ipo, na akiba?

Anayeweza kuutengeneza ukawa mwepesi zaidi, kiasi cha kuimbika na wanawake wanaosubiri zamu kwenye benchi la kliniki, nitamshukuru, wala sitadai jina langu libaki juu yake. Wasalaam.